Daktari wa Picha Naye ni Daktari

Siku chache zilizopita alitujia binti mmoja, daktari kijana, ambaye amemaliza mwaka wake wa mazoezi na sasa anafanya kazi katika hospitali ya wilaya. Binti huyo anataka kurudi chuoni kusomea ubingwa, na moyo wake umeelekea kwenye radiolojia, yaani elimu ya kutambua maradhi kwa kuzisoma picha za ndani ya mwili. Lakini alipompasha mama yake habari hiyo, mama alinyamaza kidogo, kisha akamwambia: "Mwanangu, baba yako aliuza ng'ombe ili wewe uwe daktari. Sasa wataka kuwa mpiga picha?" Binti, kwa heshima ya mzazi wake, hakujibu kitu. Akaja kutuuliza sisi kama kazi hiyo kweli yaweza kumtosheleza daktari maisha yake yote, au kama siku moja atakaa na kujuta.

Sisi hatukulicheka swali hilo, wala hatumlaumu mama. Mzazi huyu amemjua daktari kuwa ni mtu avaaye koti jeupe, ashikaye mkono wa mgonjwa na kumwandikia dawa. Daktari akaaye katika chumba cha giza mbele ya kioo kinachong'aa, bila mgonjwa mbele yake, hajapata kumwona. Tena twajua kwamba wako vijana wengi wenye swali kama hilo, na baadhi yao husukumwa huku na huku na maneno ya watu.

Juu ya hayo, jambo hili si la binti mmoja na mama yake tu. Katika miaka iliyofuata 2021, mashine za siti-skani zilinunuliwa na kupelekwa katika hospitali za rufaa za mikoa hapa Tanzania, kazi ambayo zamani ilimlazimu mgonjwa kusafiri mbali. Hilo ni jambo jema. Lakini mashine hupatikana kwa fedha, na mtu wa kuisoma picha yake hupatikana kwa miaka: mitano ya kusomea udaktari, mmoja wa mazoezi, na mitatu ya ubingwa. Picha isiyokuwa na msomaji ni kama barua iliyofika katika nyumba isiyo na mtu ajuaye kusoma. Ikiwa vijana wenye akili wataikimbia kazi hii kwa kutoijua, hasara itamfika mgonjwa. Ndiyo maana twapenda kulijibu swali la binti huyu hadharani.

Kwanza twataka kuondoa kosa moja. Mtu anayempanga mgonjwa mbele ya mashine, akamwambia avute pumzi na kuizuia, kisha akapiga picha, ni mtaalamu mwenye elimu yake na heshima yake, na bila yeye hakuna picha ya kusomwa. Lakini daktari wa radiolojia ni mtu mwingine. Yeye ni daktari kamili, aliyejifunza magonjwa yote kama wenzake, kisha akaongeza elimu ya kuyatambua magonjwa hayo kwa vivuli vyake. Yeye ndiye anayeamua ni picha ya namna gani inafaa kwa ugonjwa gani, ndiye anayeandika taarifa ya kile kilichoonekana, na ni kwa taarifa hiyo daktari wa upasuaji hushika kisu au hukiweka chini. Mama akijua hayo, hatasema tena kwamba ng'ombe wake walipotea bure.

Asili ya kazi hii yatufundisha jambo. Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, Profesa Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa akifanya majaribio ya umeme ndani ya chumba chenye giza. Chombo chake alikuwa amekifunika kwa karatasi nzito nyeusi, lakini aliona kwamba kipande kilichopakwa dawa, kilichokuwa mbali kidogo, kinang'aa. Akatambua kwamba iko mionzi isiyoonekana kwa macho, inayopenya vitu. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo alipiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha, na mifupa pamoja na pete yake vikaonekana. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ambayo ilikuwa ya kwanza kutolewa katika elimu hiyo. Lakini uvumbuzi wake hakutaka kuufungia kwa haki ya kujitajirisha. Aliuacha uwafae watu wote. Tangu mwanzo, basi, kazi hii ilianzishwa na mtu aliyefanya kazi gizani bila kudai malipo makubwa.

Bara letu nalo lina sehemu yake katika habari hiyo. Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1924, alikuwa mwalimu wa fizikia mjini Cape Town. Mwaka 1956 aliombwa kusaidia kusimamia kazi za mionzi katika hospitali ya Groote Schuur, na huko akaanza kujiuliza: je, tukipima jinsi mionzi inavyopungua ikipita mwilini kutoka pande nyingi, hatuwezi kwa hesabu kujua kilichomo ndani, kipande baada ya kipande? Alizipata hesabu hizo na kuzitangaza miaka ya 1963 na 1964, lakini watu wachache sana walizijali. Baadaye Mwingereza Godfrey Hounsfield alitengeneza mashine yenyewe, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya ubongo mjini London mwaka 1971. Mwaka 1979 watu hao wawili waligawana Tuzo ya Nobel ya utabibu. Hiyo ndiyo siti-skani ambayo leo iko katika mikoa yetu.

Sasa na tuyapime malalamiko ambayo watu huyatoa juu ya kazi hii, moja baada ya jingine.

Lalamiko la kwanza ni kwamba daktari wa radiolojia hamwoni mgonjwa. Neno hili lina ukweli ndani yake, na hatutaki kumdanganya binti yetu. Saa nyingi za kazi hii hupita mbele ya kioo. Mgonjwa aliyepona mara nyingi hulijua jina la daktari aliyempasua, na huenda akampelekea kuku wa shukrani. Jina la yule aliyesoma picha yake halijui kabisa. Lakini kutomwona mgonjwa si sawa na kutomtibu. Mfikirieni kijana aliyeangushwa na pikipiki usiku, analetwa hospitalini akiwa amezimia. Daktari wa zamu anagusa kichwa na tumbo, lakini hajui damu inavujia wapi. Picha inapigwa. Mtu mmoja katika chumba cha giza anaiangalia, na baada ya dakika chache anapiga simu: damu imekusanyika chini ya fuvu, upande wa kulia, nayo inausukuma ubongo, mpelekeni haraka. Je, mtu huyo hakumtibu kijana yule?

Tena si kweli kwamba daktari huyu hamgusi mtu kamwe. Kwa altrasaundi yeye huketi kando ya mgonjwa, kifaa mkononi, na kuzungumza naye. Ndiye amwambiaye mama mjamzito kwamba mtoto amekaa vizuri, na mara nyingine ndiye amwambiaye habari nzito. Liko pia tawi jingine la elimu hii ambalo daktari huongoza sindano au mrija mwembamba kwa kuufuata katika picha, bila ya kupasua mwili kwa upana. Kwa njia hiyo huchukua kipande cha uvimbe kikapimwe, hutoa usaha uliojificha tumboni, hufungua njia ya mkojo kwa mama ambaye figo zake zimezibwa na saratani ya shingo ya kizazi, na huweza kuziba mshipa unaovuja damu. Tangu mwaka 2018 walimu kutoka nje walianza kuja kwa zamu katika hospitali ya Muhimbili kuwafundisha madaktari wetu kazi hiyo, na baadaye mafunzo yake yakaanzishwa katika chuo kikuu kilicho hapo. Kijana anayetaka kutumia mikono yake, basi, asidhani kwamba mlango umefungwa.

Na hata katika chumba cha giza, mgonjwa yupo kwa yule anayetaka kumwona. Mwaka 2008, mbele ya mkutano wa madaktari wa fani hii mjini Chicago, zilisomwa habari za uchunguzi uliofanywa Jerusalem. Madaktari 15 walipewa picha za siti-skani kuzisoma, na kila moja iliambatanishwa na picha ya uso wa mgonjwa mwenyewe. Madaktari wale walisema kwamba uso ule uliwafanya wamhisi mgonjwa kuwa ni mtu, na wakasoma kwa uangalifu zaidi. Sisi twaliona hilo kuwa ni fundisho kubwa. Upweke wa kazi hii hautoki katika kile chumba. Hutoka katika kusahau kwamba kila kivuli kina mwenyewe, na mwenyewe yuko kwenye benchi anasubiri.

Lalamiko la pili ni hatari ya mionzi. Hapa napo watu hawasemi bure, maana wale wa kwanza waliumia kweli. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, alikuwa akiijaribu mionzi kwa mikono yake mwenyewe. Mikono ikaungua, ikakatwa, na mwaka 1904 akafa kwa saratani. Mjini Hamburg, mwaka 1936, lilijengwa jiwe la kumbukumbu lenye majina ya watu 169 wa mataifa mbalimbali waliokufa kwa ajili ya kazi hiyo. Damu yao ndiyo iliyoandika sheria zinazowalinda watu leo. Picha moja ya kifua humpa mgonjwa kiasi cha milisivati 0.1 tu, wakati ardhi na anga humpa kila binadamu duniani, kwa wastani, kama 2.4 kila mwaka. Kipimo cha juu anachoruhusiwa mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka, na mtumishi akishasema kwamba ni mjamzito, mtoto aliye tumboni hulindwa asipate zaidi ya kama 1 kwa muda uliobaki. Altrasaundi na mashine ya sumaku hazitumii mionzi ya namna hiyo hata kidogo. Hapa kwetu iko Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo kazi yake ni kusimamia usalama huo. Kwa hiyo binti yetu asiogope, lakini asizembee pia: avae kinga yake, akae nyuma ya ukuta wa risasi, na adai kipimo chake kisomwe kwa wakati. Sheria humlinda anayeifuata.

Lalamiko la tatu ni la siku hizi, nalo ndilo linalowatisha vijana kuliko yote: kwamba mashine zenye akili bandia zitaichukua kazi hii. Mwaka 2016 mtaalamu mkubwa wa elimu hiyo, Profesa Geoffrey Hinton, alisema mjini Toronto kwamba inafaa vyuo viache sasa hivi kufundisha madaktari wa radiolojia, kwa sababu ndani ya miaka 5, au labda 10, kompyuta itawashinda. Profesa huyo si mtu wa kubezwa. Mwaka 2024 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Lakini miaka 5 ilipita, na hata leo hospitali za dunia nzima zingali zinawatafuta madaktari hao. Vijana walioyasikia maneno yale wakageuza njia, wengine huenda wanajuta.

Hatusemi kwamba mashine hizo hazina maana. Zina maana sana, na kwetu zaidi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba programu za kompyuta zinaweza kutumika kusoma picha za kifua katika kuwatafuta wagonjwa wa kifua kikuu, kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Mahali ambapo hakuna daktari wa kusoma, msaada huo ni mkubwa. Lakini programu hujibu swali lile tu ililofundishwa kulijibu. Ikiulizwa kama kuna kifua kikuu, itajibu kuhusu kifua kikuu. Daktari akiitazama picha ile ile ataona pia ubavu uliovunjika, na kwa kuwa amesoma maelezo kwamba mgonjwa ni mama mwenye uvimbe katika titi, atajua kwamba ubavu huo haukuvunjwa na anguko. Tena mashine haiwezi kuitwa na daktari mwenzake saa nane usiku ikaulizwa, "Ndugu, wewe ungefanyaje?" Maoni yetu ni kwamba kazi hii itabadilika sana, na yule ajifunzaye kuzitumia mashine hizo atakuwa mbele. Anayetaka kazi isiyobadilika kamwe, udaktari wa aina yoyote haumfai.

Basi, je, kazi hii haina ugumu? Unao, na ugumu wake wa kweli si ule ambao watu huutaja. Ugumu wenyewe ni mzigo wa kukosea. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani walitangaza jaribio moja la ajabu. Waliwapa madaktari 24 wa radiolojia picha za mapafu watafute vivimbe vidogo, na katika baadhi ya picha hizo waliweka mchoro wa sokwe mkubwa, mwenye ukubwa wa mara 48 kuliko kivimbe cha kawaida. Madaktari 20 kati ya 24 hawakumwona, ingawa macho ya wengi wao yalipita pale pale alipo. Hawakuwa wazembe, walikuwa wakitafuta kitu kingine, na jicho la binadamu huona lile lililotumwa kuliona. Daktari wa picha hana budi kuishi na habari hiyo kila siku. Kosa lake halipotei kama neno lililosemwa, picha hubaki, na baada ya mwaka mtu mwingine huifungua na kusema, "Lakini mbona kivimbe hiki kilikuwapo?" Juu ya mzigo huo, picha zinazongoja ni nyingi, na wasomaji ni wachache, na uchovu ni adui wa macho.

Sasa twaweza kumjibu binti yetu waziwazi. Ikiwa furaha yake katika udaktari ni kukaa na mgonjwa siku nyingi, kuijua nyumba yake na watoto wake, na kumwona akitembea tena, basi kazi hii itamwacha na njaa, na ni afadhali achague nyingine bila kuona haya. Ikiwa anaitaka kwa sababu amesikia kwamba ina fedha au ina usingizi wa usiku, atakosa yote mawili: fedha huzoeleka upesi, na zamu ya usiku ipo. Lakini ikiwa hupata raha anapolifumbua fumbo lililowashinda wengine. Ikiwa apenda kuyajua magonjwa yote, ya kichwa na ya mguu, ya mtoto na ya mzee. Ikiwa aweza kuandika "sioni uhakika" bila kuona aibu, na kusema "nilikosea" bila kutafuta wa kumsingizia. Na ikiwa aweza kufanya jema kwa mtu asiyemjua, ambaye naye hatamjua yeye kamwe, basi kazi hii itamridhisha moyo wake mpaka uzeeni. Wazee wetu walisema, tenda wema nenda zako. Hatujui kazi nyingine ya utabibu ambayo neno hilo huifaa zaidi.

Twamshauri pia asiamue kwa kusikia. Aombe ruhusa akae majuma machache katika chumba cha kusomea picha, si siku moja. Asiketi nyuma akitazama tu. Kila picha aandike maoni yake kwanza, kisha ayalinganishe na ya bingwa. Mwisho wa majuma hayo ajiulize swali moja: alipogundua kwamba amekosea, alitamani kuiangalia picha ile tena, au alitamani kutoka nje? Jibu la swali hilo litamwambia zaidi kuliko makala yetu.

Hatuwezi kumaliza bila kusema neno kwa wakubwa wa hospitali na kwa madaktari wengine, maana kuridhika kwa mtu kazini hakutoki ndani yake peke yake. Mara nyingi karatasi ya kuomba picha humfikia daktari wa radiolojia ikiwa na maneno mawili tu, "piga kifua". Hiyo si haki. Mwelezeni mgonjwa ana nini, tangu lini, na mnatafuta nini. Na mgonjwa akipasuliwa, rudini mkamwambie yule aliyesoma picha kama alisoma sawa au alikosea, kwa sababu bila jibu hilo hawezi kujifunza, wala hawezi kujua kwamba kazi yake ilimfaa mtu. Neno la asante kutoka kwa daktari mwenzake ndilo kuku wake wa shukrani. Wala halihitaji fungu katika makadirio ya fedha. Wakuu nao wapange idadi ya picha ambayo mtu mmoja aweza kuisoma kwa siku bila macho yake kuchoka, maana kumlundikia mzigo usiobebeka ni kumhatarisha mgonjwa.

Na kwa mama yake binti twasema hivi kwa heshima: Mama, mwanao hataki kuwa mpiga picha. Anataka kuwa mtu ambaye madaktari wenzake watamgeukia pale wasipojua la kufanya. Huenda usimwone akishika mkono wa mgonjwa, wala watu wa kijijini wasilijue jina lake. Lakini usiku mmoja mtoto wa jirani yako ataletwa hospitalini akiwa amezimia, na mtu asiyeonekana atasema damu iko wapi. Ombeni siku hiyo mtu huyo awe amesoma vizuri.